Mkubwa "afafanua", mwananchi "alia": mmeona magazeti yetu yanavyochagua maneno?

#1 Zabibu Kavu
Wakuu, habari za jioni.

Leo nilisimama Jamatini, hapa Dodoma mjini, kwenye meza ya magazeti, nikisoma vichwa vya habari bure kama kawaida yetu wenye hali ngumu. Magazeti mawili, tukio moja: wenye meza za biashara kuondolewa pembeni mwa barabara. La kwanza limeandika wamachinga "wapangwa upya". La pili limeandika "wafurushwa". Nikajipapasa mfukoni, nikanunua yote mawili.

Ndani ndiko kwenye utamu. Katika lile la "wapangwa", kiongozi "alifafanua", akaja "kubainisha", akamalizia kwa "kusisitiza". Wenye meza wao "walidai" na "walilalamika". Hakuna mwenye meza hata mmoja aliyebainisha chochote! Katika lile la "wafurushwa" mambo yamegeuka: wenye meza "walisimulia", kiongozi "alijitetea".

Hoja yangu: mwandishi anaweza asiweke maoni yake hata mstari mmoja, lakini vitenzi vyake vikakuambia amekaa upande gani. Itikadi yake imo kwenye kitenzi. Karibuni mnipinge.

#2 Sisimizi
Siti ya mbele nimeshakalia. Ila mkuu, neno itikadi ukilitamka hapa Dodoma watu wanageuka kumtafuta katibu mwenezi yuko wapi 😂

#3 Kalamu Butu
Zabibu, nimeandikia magazeti kutoka mikoani kwa muda mrefu kabla sijahamia kwenye mashamba. Nikwambie kitu ambacho wasomaji wengi hawakijui: kichwa cha habari mara nyingi hakiandikwi na aliyekwenda kwenye tukio. Anatuma habari yake, huko Dar mhariri anaangalia nafasi aliyobakiwa nayo ukurasani, anachagua neno linaloingia. "Wafurushwa" na "wapangwa upya" huenda vimeamuliwa na upana wa safu.

Na hilo "wapangwa" mwandishi hakulitunga. Mwaka 2021 viongozi nchi nzima walikuwa wakisema "kuwapanga wamachinga". Limetoka kwenye taarifa rasmi, likanakiliwa. Saa kumi na moja jioni, habari tatu hazijatumwa, unapata wapi muda wa kuitafuta itikadi?

#4 Zabibu Kavu
Kalamu, si ndiyo nilichosema? Kama neno la mkubwa linanakiliwa bila kuulizwa na la mwenye meza linawekewa "alidai", hiyo haraka mbona kila siku inaelemea upande mmoja?

#5 Mwalimu wa Chilonwa
Nafundisha Kiswahili sekondari, naomba niongeze kidogo. Mnazungumzia msamiati tu. Kuna jambo limejificha kwenye sarufi, na Kiswahili kina nafasi kubwa ya kujificha kuliko mnavyodhani.

Chukua nyumba. Mtu anaweza kuandika "wamebomoa nyumba": mtendaji yupo, hata kama ni kiambishi tu. Akiandika "nyumba zimebomolewa", mtendaji ameondoka, lakini msomaji bado anajua kuna mtu alibomoa na anaweza kuuliza ni nani. Akiandika "nyumba zimebomoka", kwisha kazi. Hapo hakuna aliyebomoa, zimejiangukia zenyewe. Kauli ya kutendeka ndiyo maficho bora kuliko kutendwa. Angalieni habari za fedha za umma: fedha "zimepotea", vifaa "vimeharibika", mradi "umekwama". Umekwama kwenye nini, tope?

#6 Mpwapwa Kwetu
Mwalimu umenikumbusha mbali. Ile ajali kubwa ya treni ya 2002 pale Gulwe nilikuwa kijana. Redioni ilikuwa treni "ilikosa breki", treni "ilirudi nyuma", treni "ikaigonga ya mizigo". Kila kitu kafanya treni. Marehemu baba alikuwa fundi reli, akawa anaiuliza redio, "Hiyo treni iliajiriwa lini?"

#7 Konda Mstaafu
@Mpwapwa Kwetu haikuwa Gulwe, ilikuwa Igandu, tarehe 24 Juni 2002. Watu 281 walipoteza maisha. Treni ya abiria ilikuwa inapanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi hadi ikakutana na ya mizigo.

Kwa upande wa magari ndiyo usiseme. "Gari lilimshinda dereva." Nimefanya kazi barabara ya Dodoma hadi Singida miaka mingi, sijawahi kuona gari linapigana na dereva likamshinda. Dereva hajalala, tajiri anataka hesabu kamili, abiria wenyewe wanamwambia akanyage mafuta. Likipinduka, limemshinda!

#8 Sisimizi
Makonda ndio mliokuwa mkituambia "siti ipo" tunakuta ndoo. Leo mchambuzi wa lugha. Haya, endelea.

#9 Konda Mstaafu
Ndoo nayo ni siti mdogo wangu. Inategemea nani anaandika habari.

#10 Binti Kondoa
Salamu wote. Ninyi mnaongelea meza na magari, mimi nawaletea jambo linaloniumiza kila wiki: "wivu wa mapenzi".

Mwanaume amemuua mkewe. Habari inakuja: "mwanamke mmoja amefariki dunia baada ya kushambuliwa, chanzo ni wivu wa mapenzi". Tazameni lilivyopangwa. Aliyekufa amewekwa mbele, kisha "amefariki", kama aliyefia hospitali kwa malaria. Muuaji amehamishiwa mwishoni, na hata huko mwishoni hayupo, amewekwa wivu badala yake. Na wivu wenyewe wamepewa "mapenzi" wautie manukato. Aya ya nne ndipo unaambiwa marehemu "alikuwa amechelewa kurudi nyumbani". Sasa msomaji anaanza kuuliza alichelewa wapi, badala ya kuuliza kwa nini amechinjwa.

Ombeni mfano wa mwanamke akimuua mume. Hapo mara moja ni "mke katili", na jina lake lipo kwenye mstari wa kwanza.

Na kila msimu wa Bunge utasoma kwamba machangudoa "wamefurika Dodoma". Hao wanaowafuata hawajawahi kufurika popote. Wanunuzi hawamo kwenye sentensi.

#11 Ulanzi Baridi
Dada nakubali sehemu kubwa, lakini "wivu wa mapenzi" anautaja kamanda wa polisi anapoongea na waandishi. Mwandishi akiandika "mume amuua mkewe" kabla mahakama haijasema, kesho anaitwa yeye. "Amefariki baada ya kushambuliwa" ni kujikinga.

#12 Binti Kondoa
Kaka Ulanzi, kijana akishikwa na kuku Majengo kwa nini anaitwa "kibaka" na "mwizi" kabla ya mahakama? Na wakimpiga mpaka afe, gazeti linaandika ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Muuaji anapewa uraia na hasira ya kumtetea, marehemu anabaki kibaka. Huko kujikinga hakupo?

#13 Kalamu Butu
Hapo 👆 nimekosa jibu. "Wananchi wenye hasira kali" nimeliandika mwenyewe mara nyingi tu, lilikuwa linakuja vidoleni bila kuitwa.

#14 Mzee wa Kongwa
Wanangu, mbukwenyi.

Mnazungumza kana kwamba jambo hili limeanza jana. Mimi nimekulia Kongwa. Kuanzia 1964 pale kulikuwa na kambi ya wageni: FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA, ZAPU. Wengine tulicheza nao mpira. Redio yetu ikiwataja ilisema "wapigania uhuru". Redio ya makaburu ikiwataja watu walewale, ni "magaidi". Mtu mmoja, bunduki moja, jina linategemea umefungulia stesheni gani. Wala mimi sioni aibu kwamba redio yetu ilikuwa na upande. Ilikuwa na upande wa haki.

Ikaja 1978, vita vya Kagera. Idi Amin akawa "nduli". Watoto waliozaliwa mwaka ule walidhani Nduli ndilo jina lake la kwanza. Na kabla ya hapo, baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mwenye duka aliyeficha sukari akawa "mhujumu uchumi".

Ninachosema: zamani itikadi ilikuwa inatangazwa mchana kweupe. Gazeti la Uhuru lilikuwa la chama tangu 1961 na kila mtu alijua. Siku hizi imevaa nguo za kiraia.

#15 Ulanzi Baridi
Shikamoo mzee. Marekebisho kidogo kwa heshima: Azimio lilituletea "mabepari", "wanyonyaji", "kupe" na "mirija". Ile kampeni ya "wahujumu uchumi" na "walanguzi" iliyojaza watu mahabusu ni ya 1983, enzi za Sokoine. Miaka kumi na sita katikati.

Na kitu kinachonifurahisha ni safari ya mtu huyohuyo mwenye duka. 1983 mlanguzi. Enzi za ruksa za Mzee Mwinyi, mfanyabiashara. Baadaye mwekezaji. Leo ni "mdau". Sukari bado anaificha.

#16 Mzee wa Kongwa
Marahaba. Na kupe walikuwapo 1983 pia.

#17 Mwanachuo wa Chimwaga
Habari zenu. Niko mwaka wa mwisho pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na haya ndiyo tunayosoma. Alikuwapo mtu akiitwa Roger Fowler wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza. Yeye na wenzake, Hodge, Kress na Trew, walitoa kazi yao mwaka 1979. Mfano wa Tony Trew unafanana kabisa na wa Zabibu.

Juni 1975 polisi wa Rhodesia waliwapiga risasi waandamanaji mjini Salisbury, ndiyo Harare ya leo. Kesho yake, The Guardian likaweka polisi mwanzoni mwa kichwa: polisi wameua watu 11 kwenye ghasia. The Times likaanza na waliouawa: weusi wafanya ghasia wamepigwa risasi na polisi. Ukweli ni uleule, polisi wapo kote kuwili. Lakini kwenye la pili, hadi unawafikia polisi umeshaambiwa kwamba marehemu walikuwa wafanya ghasia, yaani walijitakia. Trew akaonyesha kwamba siku zilivyosonga polisi walizidi kufifia, hadi jambo zima likageuka kuwa habari ya mgawanyiko kati ya Waafrika wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hiyo haliko kwetu tu, na hakuna aliyedanganya.

#18 Mwalimu wa Chilonwa
Kijana, hongera, lakini chukua tahadhari kuhamisha hoja za Kiingereza kuja huku mzimamzima. Kwao, wapo wanaoona kutendwa kumepinda kidogo. Kwetu ni maongezi ya kila siku. Mtu akirudi nyumbani analia "nimeibiwa!", hakuna anayemtuhumu kuwa anamficha mwizi. Anasema hivyo kwa sababu habari ni yake yeye, na mwizi hamjui. Tukimtanguliza aliyefikwa na jambo, mara nyingi tunampa heshima. Ndiyo maana mimi nimesema kesi iko kwenye kutendeka, si kutendwa.

#19 Binti Kondoa
Mwalimu, anayelia "nimeibiwa" ni mwenye mali. Gazeti halijaibiwa. Lilimtafuta mwizi?

#20 Msukuma wa Ihumwa
Mnatafuta mchawi na mchawi ni ninyi wasomaji. Gazeti ni biashara. Andika "Waziri atoa maelezo kuhusu tozo" halinunuliwi. Andika "Waziri awashukia", "acharuka", "awajia juu", meza ya Jamatini inajaa watu. Vitenzi vinafuata mfuko wa msomaji. Mwandishi angelipwa kwa kuandika kinyume, angeandika kinyume kesho asubuhi.

Halafu hapa Dodoma lipo tatizo lenu special la "vigogo". Bibi mwenye nyumba wangu wa zamani, Mgogo wa Bahi, alikuwa akisikia redioni "vigogo wafikishwa mahakamani" anazima. Anasema kila siku Wagogo, kila siku Wagogo, Wasukuma hawaibi?

#21 Sisimizi
😂😂😂 Bibi alikuwa na hoja. Ila kweli kabisa, Mgogo akitajwa na magazeti ya Dar ni ama ombaomba ama njaa. Siku akiwa mkubwa, anaitwa kigogo na bado hatambuliwi.

#22 Mkulima wa Hombolo
Sisimizi umetaja njaa, ngoja niseme.

Sisi wa hapa tunajua njaa inavyoingia. Kwanza mtama unakauka ukiwa magotini. Halafu mbuzi wanaanza kuuzwa bei ya kuku. Halafu wanaume wanaondoka. Sasa fungua gazeti: "upungufu wa chakula". Mwanzoni mwa 2017 nchi nzima ilikuwa inabishana kama kuna njaa au hakuna, na Rais Magufuli mwenyewe alikanusha. Sisi tulikuwa tunasikiliza mabishano hayo huku tukinunua debe la mahindi kwa bei ya kutisha. "Upungufu" hauna mtu ndani yake. Njaa ina mtu.

Wazee wetu walizipa njaa majina. Kubwa kuliko zote ni Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Ukisoma vitabu vifupi vya shule unaambiwa ukame, mvua hazikunyesha. Ni kweli hazikunyesha. Lakini babu yake babu yangu hakusimulia mvua kwanza, alisimulia vita. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, yakichukua nafaka, yakichukua vijana kuwa wapagazi. Zizi tupu, ghala tupu, wa kulima hawapo. Ndipo mvua zikagoma. Ukame ulikuja kumalizia.

Sasa anayeandika "ukame ulisababisha njaa" hajasema uongo. Ila ameyatoa majeshi mawili nje ya sentensi, amelibakiza wingu.

#23 Mpwapwa Kwetu
Mzee wa Hombolo heshima yako. Bibi yetu naye alilitaja hilo la Mtunya, tukadhani ni jina la mtu.

#24 Mwanachuo wa Chimwaga
@Mkulima wa Hombolo nikuombe siku moja nije nikurekodi? Ni kwa ajili ya tasnifu yangu.

#25 Mkulima wa Hombolo
Njoo baada ya mavuno ya zabibu. Uje na sukari, mdau ameificha.

#26 Konda Mstaafu
Mimi neno langu la mwaka ni "kupisha". Wananchi "wapisha mradi". Wamepisha reli, wamepisha barabara ya mzunguko, wamepisha uwanja wa ndege Msalato. Kupisha ni adabu: unakutana na mzee mlangoni, unampisha. Ukisoma hivyo unaona mtu kasimama pembeni kwa hiari, anatabasamu.

Shemeji yangu alipisha mradi fulani. Alikuta alama ya X nyekundu ukutani asubuhi wakati anapiga mswaki. Fidia ilikuja, ilichelewa, na siwezi kusema ilikuwa haba kwa sababu alijenga tena. Lakini kupisha, hapana. Aliondolewa.

#27 Msukuma wa Ihumwa
Na SGR ile ile unaipanda toka Agosti 2024 unasifia. Isingepishwa ungekuwa kwenye ndoo yako hadi leo.

#28 Konda Mstaafu
Napanda ndiyo, na siti nimekata mwenyewe. Mimi sijapinga reli. Nataka waandike "waliondolewa ili reli ipite, wakalipwa". Inapungua nini?

#29 Ulanzi Baridi
Mbona hakuna aliyegusa "watu wasiojulikana"? Tangu Tundu Lissu apigwe risasi hapa hapa Area D tarehe 7 Septemba 2017, maneno hayo matatu, sorry, mawili, yamekuwa kama jina la taasisi.

#30 Kalamu Butu
Hilo sikuligusa kwa sababu maalumu, na sababu yenyewe ni jibu la uzi huu. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 mwandishi anaijua kifungu kwa kifungu kabla hajaijua sarufi. Akiwa hana uhakika, hana wakili, na gazeti lake linamlipa kwa habari moja moja, anachagua neno ambalo halitamtoa kitandani usiku. Mnaita itikadi. Mara nyingi ni woga, na mara nyingine ni nauli. Kwenye mikutano inagawiwa bahasha ya nauli, na aliyepewa nauli hawezi kuandika kwamba mwenyeji wake "alijitetea". Ataandika "alifafanua". Bahasha haina itikadi, ina elfu kumi kumi.

#31 Zabibu Kavu
Kalamu leo umefunguka. Lakini woga unaojirudia kila siku kwa kila mwandishi, na msomaji akauzoea mpaka haoni tena, unautofautishaje na itikadi?

#32 Mzee wa Kongwa
Mwenye woga anajua kwamba anaogopa. Mwenye itikadi anaona yuko sawa tu.

#33 Mwalimu wa Chilonwa
Hapo mzee tutabishana hadi asubuhi. Wanafunzi wangu wanaandika insha za "changamoto" tupu, hakuna shida wala tatizo wala dhiki. Hawamwogopi mtu, hawajapewa bahasha. Wamelikuta hewani.

#34 Kipaza Sauti
Jamani mimi ni mwandishi kijana hapa mjini, nasoma uzi huu nikiwa na habari mkononi ya kutuma kabla ya saa mbili. Kuna akina mama wauza mboga wamehamishwa kutoka mahali walipozoea kwenda eneo jipya. Ofisi imesema wamehama kwa makubaliano. Akina mama wanne wamesema hawakuulizwa. Mwenyekiti wao kasema waliulizwa. Niandike wamehama au wamehamishwa?

#35 Binti Kondoa
Wamehamishwa. Wanne wamekwambia.

#36 Msukuma wa Ihumwa
"Mama mboga wavurugana." Utanishukuru mauzo yakipanda.

#37 Ulanzi Baridi
Usimsikilize huyo. Andika pande zote mbili zimesema nini, na kote tumia "alisema". Hakuna kudai, hakuna kufafanua.

#38 Kalamu Butu
Andika "wamehamishwa", mdogo wangu, kisha ujiandae kulikuta limebadilishwa kesho. Eneo jipya lina choo na maji? Hilo umeuliza?

#39 Kipaza Sauti
Maji hakuna. Choo kipo, kimefungwa, ufunguo hajulikani alionao.

#40 Mwalimu wa Chilonwa
"Hajulikani alionao" 😂 Kimefungwa na nani?

#41 Kipaza Sauti
Ngoja nipige simu.